Sura ya Sita: Abiria wa Mstari wa Kumi na Saba

Kivuko kilipogusa gati, abiria wote waliinama kwa pamoja. Inspekta alikamata reli, akadhani kuna hatari. Hakukuwa na hatari. Watu walikuwa wanavua viatu.

"Vua na wewe, afande," alisema karani wa kivuko, mwanamume mwembamba ambaye kila mtu alimwita Tiketi. "Huku kiatu ni mzigo. Hatua kumi tu, mchanga wote utakuwa umehamia ndani."

"Nani kakuambia mimi ni afande?"

"Viatu vyenyewe. Havina hata tabasamu."

Inspekta alivua. Mwanzoni mwa gati palikuwa na ubao mrefu uliopigwa misumari safu mbili, na karibu kila msumari ulining'iniza jozi ya viatu. Vilikuwa viatu vya mjini. Mwenyeji akisafiri huvivaa pale, akirudi huvitundika palepale, na nyumbani huenda peku. Mgeni hupewa msumari ulio wazi. Inspekta alitundika vyake, kisha akatembea taratibu kutoka mwanzo wa ubao hadi mwisho, akikagua jozi moja baada ya nyingine.

Alikuwa anatafuta viatu vyeusi vya kiume, vyenye lastiki mahali pa kamba. Havikuwepo.

Maelezo ya viatu hivyo yalikuwa kwenye jalada lililokuwa begani mwake. Siku tisa zilizopita, muuguzi mmoja wa hospitali ya mjini alifika kituoni akiwa bado na sare ya kazi. Baba yake, mzee wa miaka sabini na minne, fundi wa nyavu aliyestaafu, alikuwa ametoweka. Mzee alikuwa akipoteza kumbukumbu. Jina lake mwenyewe lilimjia siku nyingine na siku nyingine lisimjie. Muuguzi alimtoa kisiwani miaka miwili nyuma, akaishi naye katika vyumba viwili ghorofa ya tatu, na kila akienda zamu alifunga mlango kwa nje ili mzee asije akaingia barabarani. Siku ile kitasa hakikushika.

Muuguzi alimtaja mtuhumiwa hapohapo: baba yake mdogo, fundi wa mashua anayeishi kisiwani. Miezi mitatu nyuma alikuwa amemwambia kwa simu, "Nitakuja kumchukua kaka yangu hata kwa nguvu." Tangu mzee apotee, hapokei simu.

Ndani ya jalada kulikuwa na hati ya kumkamata Fundi, imeshagongwa mhuri, inasubiri tarehe tu. Kama mzee angepatikana mikononi mwake, Fundi angerudi na kivuko cha saa kumi akiwa na pingu, na mzee angerudi kwenye mlango unaofungwa kwa nje.

Kulikuwa pia na bahasha ya kielelezo. Ndani yake, kipande cha wavu chenye ukubwa wa leso, kilichosukwa kwa kamba nyembamba za kufungia maboksi. Inspekta alikikuta chini ya godoro la mzee.

*

"Daftari la abiria," alisema Inspekta. "La Jumanne ya wiki iliyopita."

Chumba cha karani kilikuwa na meza moja, kiti kimoja, na feni iliyozunguka pale ilipojisikia. Tiketi alimpa daftari kwa mikono miwili, kama anayemkabidhi mtu mtoto mchanga.

Kila abiria alikuwa ameandika jina lake mwenyewe. Miandiko ishirini na mbili, mingine imelala, mingine imesimama kama miti ya uzio. Inspekta alishuka nayo kwa kidole. Mstari wa kumi na saba ulikuwa na neno moja tu: *Mwenyeji*. Akapandisha kidole hadi juu ya ukurasa, kwenye tarehe. Mwandiko ulikuwa uleule.

"Huyu nani?"

"Si imeandikwa? Mwenyeji."

"Wenyeji wengine wameandika majina yao. Huyu umemwandikia wewe."

"Labda mikono yake ilikuwa na samaki."

"Kutoka mjini? Samaki wanatoka huku kwenda kule. Hawarudi."

Tiketi alikuna shingo. "Afande, mimi nakata tiketi tu. Nimekata mpaka kazi imekula jina langu."

Inspekta aliupiga picha ukurasa, akamtaka atie sahihi kando ya mstari ule. Tiketi alitia.

"Usiende mbali."

"Niende wapi, afande? Nimezungukwa na maji."

*

Kisiwa kilikuwa chembamba. Ukisimama katikati unaona maji pande zote mbili. Hapakuwa na gari wala baiskeli. Mchanga ulikuwa mweupe na laini kama unga uliochekechwa mara mbili, na uliimeza sauti ya kila hatua. Wavuvi walikuwa wamerudi alfajiri na sasa walilala. Mashua zilipumzika ubavu. Inspekta alilifikia banda la Fundi bila mtu kumsikia.

Fundi alikuwa anapiga randa ubao. Mtu mpana, mvi kichwani na takataka za mbao kwenye ndevu. Aliangalia kitambulisho, akaendelea na randa.

"Kaka yako yuko wapi?"

"Mjini. Kwa mwanawe. Muulize mwenye funguo."

"Nimeshamuuliza. Sasa nakuuliza wewe. Simu yake hupokei."

"Simu ilianguka majini."

Inspekta alitoa simu yake, akabonyeza namba iliyokuwa kwenye jalada. Kopo la misumari lililokuwa rafuni likaanza kuimba.

"Imeibukia kwenye misumari," alisema Inspekta.

Fundi aliweka randa juu ya benchi.

Inspekta alizunguka banda bila kuharakisha. Mlango wa ndani ulikuwa umezibwa kwa pazia, na kando yake fimbo ya kutembelea imeegemezwa ukutani, mpini wake umelainika kwa kushikwa. Nyuma ya pazia kitanda kililia. Inspekta akalivuta pazia kwa mkono mmoja.

Bibi kizee alikuwa ameketi kitandani, anachana nywele.

"Unanitafuta mimi?" aliuliza bibi, uso umechangamka. "Ingia, mwanangu! Miaka arobaini sijatafutwa na mtu."

"Mama mkwe," alisema Fundi kwa uchovu.

"Shikamoo, bibi. Samahani."

"Marahaba. Usiombe samahani, nipe fimbo yangu. Mahojiano ya mkwe wangu siwezi kuyakosa."

Bibi akajikongoja hadi kwenye kigoda, akakaa kama aliyekata tiketi ya mbele.

Inspekta aligeukia wavu. Ulikuwa umetundikwa kwenye boriti, wavu wa bluu uliopauka, na katikati yake kiraka cha uzi mpya kisichozidi urefu wa mkono. Aliusogeza kwenye mwanga.

"Nani kaziba hapa?"

"Mimi. Jana."

"Macho ya wavu unayapimia nini?"

Fundi alitoa kipande cha ubao bapa kutoka mfuko wa aproni. Ndicho kipimo chake: uzi huzungushwa juu yake kabla ya kila fundo, ili macho yote yalingane. Inspekta alikiingiza kwenye jicho la wavu wa zamani. Kikaenea barabara. Akakiingiza kwenye jicho la kiraka. Kikagoma. Akajaribu la pili, la tatu, la kumi. Yote yalikuwa madogo kuliko kipimo, na yote yalilingana yenyewe kwa yenyewe.

"Ulikuwa umelewa?"

"Sinywi."

"Basi aliyeziba hapa ana kipimo kingine."

Alifungua bahasha, akatoa kile kipande cha kamba za maboksi, akakilaza juu ya kiraka. Jicho juu ya jicho, fundo juu ya fundo, kama kivuli na mwenye kivuli.

Inspekta akachuchumaa, akazoa kitu chini ya benchi. Ulikuwa uzi mpya wa bluu, rundo zima, lakini haukunyooka. Ulikuwa na mawimbi madogo mwili mzima, kila wimbi umbali sawa na lenzake.

"Uzi huu ulifungwa mafundo, halafu ukafumuliwa. Hapa kuna uzi wa kuziba tundu hili mara sita au saba. Na tundu ni moja." Alisimama. "Linazibwa, linafumuliwa, linazibwa tena. Kwa nini?"

"Mwambie, mkwe wangu," alisema bibi kutoka kwenye kigoda. "Uongo haukupendi. Hata wavu unakucheka."

Fundi alikaa juu ya ubao aliokuwa anaupiga randa.

"Macho anayoyafunga ni madogo mno," alisema. "Wavu ule ukitupwa baharini utaleta hadi samaki ambao mama zao hawajachumbiwa. Wavuvi hawautaki. Siku ya kwanza nilimwambia, Kaka, umekosea. Akauweka wavu chini. Akauliza, sasa mimi ni nani kama sijui wavu?" Alifuta uso kwa mkono wenye vumbi la mbao. "Sikumwambia tena. Kila alfajiri nafumua, akiamka nampa. Anaona kazi mpya. Anafurahi."

"Ulimleta wewe?"

"Sikumleta."

"Hiyo ndiyo inayokutenganisha na pingu. Nithibitishie."

"Nithibitishe vipi? Nilimkuta mlangoni!"

"Nitathibitisha mimi," ilisema sauti nyuma yao.

Tiketi alikuwa amesimama kwenye mchanga, anahema. Mkononi alishika viatu vyeusi vya kiume. Mahali pa kamba palikuwa na lastiki.

"Vilikuwa kabatini kwangu," alisema. "Nilivitoa msumarini ulipopiga simu juzi kuuliza ratiba. Afande, alikuja mwenyewe. Alisimama kwenye foleni kule mjini, peke yake. Nikamuuliza, mzee unakwenda wapi? Hajui. Jina lako? Hajui. Watu nyuma wanalalamika. Basi akainama, akavua viatu, akavishika mkononi. Kule, afande! Kwenye sakafu ya saruji, jua la saa sita! Nikasema huyu ni wetu. Hakuna mtu anayevua viatu mjini isipokuwa anakuja huku."

"Ukaandika Mwenyeji."

"Ningeandika nini kingine?"

Inspekta aliandika maelezo yake neno kwa neno, akamsomea, akamtaka atie sahihi. Kisha akafunga daftari na kumgeukia Fundi.

"Hukumteka. Hilo limeisha. Sasa nikuulize la pili. Unajua mtoto wa kaka yako ameshinda wapi siku hizi tisa?"

"Kazini, labda."

"Mochwari. Kwanza ya hospitali yake mwenyewe, halafu nyingine mbili. Kila wakileta mzee asiyejulikana wanampigia. Anakwenda, anafunua shuka, anatazama, anafunika. Amefunua mashuka manne. La nne lilikuwa jana asubuhi."

Randa ilianguka kutoka kwenye benchi. Hakuna aliyeiokota.

"Niliogopa angemrudisha kwenye kile chumba," alisema Fundi.

"Na yeye aliogopa gari. Kila mmoja na hofu yake, mzee katikati. Nipeleke."

*

Mzee alikuwa nyuma ya banda, kwenye kivuli cha mashua iliyopinduliwa. Alikaa miguu imenyooka mbele yake, nyayo zimezama mchangani, na mapajani alikuwa na kipande kingine cha wavu. Sindano ya nyavu ilipita, ikazunguka, ikarudi. Mikono haikusita hata mara moja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama." Alimtazama Inspekta kwa adabu. "Umeleta wavu?"

"Leo sina. Naomba nione unachopimia."

Mzee alisita, kisha akampa. Kilikuwa kile kijiti kilichotajwa kwenye maelezo ya muuguzi, ukurasa wa pili: *mfukoni ana leso na kijiti bapa, hakiachii hata akilala*. Inspekta alikigeuza juani. Ubao mgumu, umekuwa mweusi kwa jasho la miaka. Ulikuwa mfupi na mwembamba kuliko kipimo cha Fundi, karibu nusu yake. Na kwenye ncha moja palikuwa na vishimo vidogo, vimejipanga upinde, juu na chini.

"Meno," alisema Inspekta. Alivilinganisha na kucha ya kidole chake kidogo. "Ya mtoto. Kijiti hiki ulikitoa wapi, baba?"

Mzee alifikiri. Ilionekana anafika mahali, halafu mahali panamkimbia.

"Ni cha mtu," alisema. "Namtunzia."

Akanyoosha mkono kukidai. Inspekta akamrudishia.

Kisha akasogea hadi kwenye maji, akapiga simu.

"Yupo," alisema. "Mzima."

Upande wa pili kiti kilikwaruza sakafu.

"Anakula?" aliuliza muuguzi.

"Anakula."

"Miguu haijavimba?"

"Njoo uione mwenyewe. Kuna kivuko kinachofika saa tisa."

*

Muuguzi alishuka na viatu miguuni. Tiketi alifungua mdomo, akauona uso wake, akaufunga. Muuguzi alikata mchanga akizama kila hatua, akasimama mbele ya baba yake mdogo pale bandani.

"Siku tisa!"

"Mwanangu..."

"Usiniite mwanangu. Ujumbe mmoja tu, Baba Mdogo. Neno moja! *Yupo.* Herufi nne! Zingekukata vidole?"

"Nimekosa."

"Nimewafunua wazee wa watu, mimi. Nimewaomba radhi maiti."

"Nimekosa, mwanangu," alisema Fundi, na safari hii hakusimama wima kama mwenye kesi. Alikuwa ameinamisha kichwa. "Ulinipa namba ya simu yako nikaitumia kukutukana tu. Sikuwahi kuja kukusaidia hata siku moja. Nilikuachia mzigo, kisha nikakulaumu unavyoubeba."

Bibi kizee aligonga fimbo chini. "Hilo ulipaswa kulisema mwaka juzi. Mpeleke kwa baba yake."

Inspekta aliwafuata kwa nyuma, jalada mkononi. Hati ilikuwa bado haijatiwa tarehe. Mlalamikaji ndiye angeamua.

Mzee aliinua uso waliposimama mbele yake.

"Shikamoo, Baba," alisema muuguzi.

"Marahaba, mama. Umeleta wavu?"

Muuguzi alitikisa kichwa. Alikuwa ameyazoea, hakulia. Alipiga magoti, akabonyeza vifundo vya miguu ya mzee kwa kidole gumba, akashika mshipa wa mkono, akahesabu. Mzee alimwachia mkono mmoja, na kwa mwingine akakishika kijiti, akazungushia uzi, akakibana kwenye meno huku akitafuta sindano.

Muuguzi akaacha kuhesabu.

"Hicho," alisema. "Nilidhani alikiokota tu mahali. Nilitaka hata kukitupa."

"Unakijua?" aliuliza Inspekta.

Muuguzi alikaa chini kabisa, mchangani, na sare yake nyeupe. Alinyoosha mkono, na mzee, ambaye hakuwa amekiachia hata usingizini, akamwekea kijiti kiganjani bila kuombwa mara mbili.

"Nilikuwa na miaka sita," alisema muuguzi. "Nilikuwa nalia, nataka kushona wavu kama yeye. Kipimo chake kilikuwa kikubwa, mkono wangu haukishiki. Akapima vidole vyangu, akanikatia changu. Nikakaa naye hapahapa, kila jioni baada ya shule. Macho yangu yalikuwa madogo, wavuvi walinicheka, na yeye akawaambia, huu ni wavu wa bosi, hautaki maoni." Alipitisha kidole kwenye vile vishimo. "Haya ni meno yangu. Nilikuwa nakitafuna nikifikiri."

Fundi aligeuka, akatazama maji.

"Kumbe ndiyo maana," alisema. "Siku zote hizi nafumua, nikidhani amesahau kazi."

"Nilimuuliza kijiti alikitoa wapi," alisema Inspekta. "Aliniambia ni cha mtu. Anamtunzia."

Muuguzi aliufunga mkono wake. Sasa ndiyo alilia, bila sauti, mabega tu yakipanda na kushuka. Mzee alimtazama, akasumbuka. Alitafuta cha kumpa. Akaona viatu vyake, vimejaa mchanga hadi kwenye visigino.

"Vua viatu, mama," alisema kwa upole. "Vinakuumiza."

*

Saa kumi kasoro robo Inspekta alikuwa kwenye meza ya Tiketi, anaandika ukurasa wa mwisho. *Mlalamikaji ameondoa shauri. Mzee alisafiri mwenyewe. Kielelezo, kipande cha wavu, kimerudishwa kwa mwenye nacho.* Hati aliichana mara mbili na kuitia mfukoni.

"Wanarudi na wewe?" aliuliza Tiketi.

"Muuguzi ana likizo ya siku kumi na nne. Anasema baada ya hapo wataongea."

"Na Fundi anasemaje?"

"Anasema wataongea. Na simu atapokea."

"Na ule wavu?"

"Muuguzi amemkataza kufumua. Amesema atautandaza juu ya kitanda cha mzee, uwe chandarua cha samaki."

Tiketi alicheka, akampa daftari. Inspekta aliandika jina lake mwenyewe kwenye mstari wa tisa, akatoka kwenda kuchukua viatu.

Alivivaa kwenye gati, akafunga kamba. Alipoinuka alitazama ubao. Viatu vyeusi vyenye lastiki vilikuwa vimerudi mahali pake. Misumari mingine mitano ilikuwa wazi safu ileile, lakini mtu alikuwa amelazimisha jozi ya pili kwenye msumari uleule, viatu vyeupe vya kiuuguzi, kisigino kwa kisigino, na mchanga ulikuwa bado unavuja kutoka ndani yake kidogo kidogo.